Kompresa ya AC imekufa? Niambie kwanza kipi kilichokufa

Wiki hii mteja huyu ni wa tatu. Gari limeletwa kwa kuvutwa na kamba, mkanda mpya kabisa umechanika nyuzinyuzi, taa ya betri ilimuwakia njiani na sindano ya joto ikapanda. Kisa? Alisikia mngurumo mbele ya injini, akaambiwa kompresa imejam, akafungiwa mkanda mfupi wa kuiruka, yaani usiopita kwenye kompresa. Nikashika kisahani cha mbele cha kompresa, nikakizungusha kwa vidole. Laini kama siagi. Kompresa nzima. Kilichokufa ni beringi ya puli.

Jamani, puli na kompresa si kitu kimoja. Puli imekalia beringi yake na inazungushwa na mkanda muda wote injini inapowaka, AC uwe umewasha au umezima. Shafti ya kompresa yenyewe inaanza kuzunguka pale tu koili, yaani sumaku ya umeme, inapopata umeme na kukivuta kisahani kilichofungwa kwenye shafti hiyo kigande kwenye puli. AC ikizimwa, kati yao kuna nafasi ya kama nusu milimita. Nafasi hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama utatoa hela nyingi, kidogo, au hutoi kabisa.

Zima injini, legeza tenshena (kile kikaza mkanda), toa mkanda. Zungusha puli peke yake, kisha kisahani peke yake.

Puli iko kimya lakini kisahani kimegoma? Hapo ndipo kompresa imejam kweli, na hapo ndipo watu wanaponichosha, maana wanakimbilia mkanda mfupi ilhali hawauhitaji! Chomoa plagi ya koili, ifunge isipate maji, rudisha mkanda uleule. Puli itazunguka bure na kompresa itakaa pale kama pambo. Ila usiniambie "mimi siwashi AC, kwa nini nichomoe?" Magari mengi yanaiwasha yenyewe ukielekeza upepo kwenye kioo cha mbele. Siku hiyo puli itagandana na kisahani cha shafti isiyozunguka, mkanda upige kelele, utoe moshi, ukatike.

Puli inanguruma au inacheza? Badilisha beringi. Kwenye magari mengi unafungua nati ya kisahani na pete ya kuzuia puli, bila kugusa mabomba ya gesi. Beringi inayonguruma itadumu muda gani? Nimeona ikitembea miezi, nimeona pia ikikaba siku ileile niliyomwambia mwenye gari "itakufikisha". Siku hizi sisemi tena.

Zipo pia kompresa zisizo na klachi, yaani hiyo koili ya kukivuta kisahani, shafti inazunguka muda wote. Kwa hizo ujanja wa plagi haukusaidii, na kuiruka kunaanza kuwa na maana. Na kama gari ni la haibridi lenye kompresa ya umeme na nyaya za rangi ya chungwa, weka spana chini. Hizo hazina mkanda, na umeme wake unaua.

Sasa huo mkanda mfupi. Kila mtu anauliza urefu. Urefu ndio rahisi: kwenye 6PK1750, 6 ni idadi ya mifereji, PK ni umbo lake, 1750 ni milimita. Pitisha kamba isiyovutika kwenye njia mpya, tenshena ikiwa katikati ya alama zake, pima, basi. Tabu ni njia yenyewe. Ukiitoa puli moja, mkanda unakata kona. Je, puli yenye mifereji bado inaguswa na upande wenye mifereji, na ile laini na mgongo? Pampu ya maji inazunguka upande uleule? Ikigeuzwa haisukumi maji ipasavyo, na injini itachemka huku mkanda umekaza vizuri tu, nawe utabaki kulaumu rejeta. Mkanda haujisugui wenyewe mahali popote?

Halafu kuna mkumbatio. Puli ya alteneta, ile inayochaji betri, iliyokuwa imezungukwa na mkanda nusu nzima sasa imeguswa robo, mkanda unateleza. Ndicho kilichompata huyu wa wiki hii, na pampu yake ya maji ilikuwa hivyohivyo. Mimi mkumbatio naupima kwa jicho, na jicho limewahi kuniaibisha: mkanda ulitulia mchana kutwa, ukaanza kulia usiku wa mvua mwenye gari alipowasha taa, waipa na feni kwa pamoja. Ndiyo maana, kama ni lazima kuiruka, napendelea puli tupu ifungwe palepale pa kompresa, kipenyo kilekile, mkanda ubaki wa urefu wake. Lakini iwe ya gari hilo. Ile ya kuchomelea ikikaa pembeni milimita mbili tu, inatafuna mkanda.

Kama lazima kompresa itoke, gesi ivutwe kwa mashine. Usifungue nati ukaiacha ipige: R134a, gesi ya AC, inachemka kwenye nyuzi kama 26 chini ya sifuri, inaunguza ngozi na macho. Na mabomba uyazibe palepale, oili yake inanyonya unyevu.

Huyu wangu tulimwekea beringi na mkanda wa urefu uleule uliotoka nao kiwandani. AC inapoza. Aliondoka vioo viko chini, ameshazoea.