Njia tuli na njia ya kudumu ni vitu viwili

Kwenye Linux, mtu anaandika `ip route add 10.20.0.0/16 via 192.168.1.254`, pakiti zinapita vizuri, kisha anawahakikishia wenzake kwamba njia haitapotea kwa sababu ni tuli. Siku seva ikiwashwa upya, mtandao wa upande wa pili haufikiki tena, na lawama zote zinaiangukia rauta. Hoja hii nimeisikia mara nyingi mno kuiacha ipite.

Njia ni mstari katika jedwali la kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) unaosema pakiti za kwenda mtandao fulani zipitie lango fulani. Ni tuli ikiwa imewekwa na mtu, badala ya kompyuta kujifunza kwa majirani zake kupitia itifaki kama OSPF au BGP. Basi. Utuli unaeleza njia ilitokana na nini, hausemi chochote kuhusu muda itakaokaa.

Jedwali hilo linaishi kwenye kumbukumbu ya RAM, na amri ya `ip route add` hailigusi faili lolote kwenye diski. Wala si lazima kompyuta izimwe ndipo uone hasara. Shusha kadi ya mtandao kwa `ip link set eth0 down`, halafu ipandishe: njia ya mtandao uliounganishwa moja kwa moja inarudi yenyewe, lakini ile ya IPv4 uliyoongeza kupitia lango imekwisha kufutwa.

Kerneli yenyewe inaweka alama ya asili ya kila njia. Tazama `ip -d route`. Iliyotokana na anwani ya kadi ina `proto kernel`, iliyoletwa na DHCP (huduma inayogawa anwani za mtandao) kwa kawaida ina `proto dhcp`, na uliyoichapa kwa mkono ina `proto boot`, yaani ya wakati wa kuwashwa, ingawa ndiyo isiyovuka kuwashwa upya! Ukipenda, ongeza `proto static` mwishoni mwa amri yako na alama itabadilika. Alama hiyo ina kazi yake, maana programu za kusimamia njia zinatarajiwa kuziheshimu zenye `static` na zinaweza kuzifagia zenye `boot`. Lakini washa upya uone: njia yako haipo, hata ikiwa na alama ya utuli.

Udumu unatoka kwingine kabisa, kwa programu inayosoma faili na kuiandika njia upya kila kadi inapopanda. Waliotoka Windows huitafuta `-p` ya `route -p add`, inayoifanya njia idumu, na Linux haina kitu cha aina hiyo. Kwanza jua nani anaisimamia kadi yako. Kwenye Ubuntu ya seva mara nyingi ni faili la YAML ndani ya `/etc/netplan`, penye `routes`, `to` na `via`. Kama uko mbali kwa SSH, tumia `netplan try` badala ya `netplan apply`: usipothibitisha ndani ya sekunde 120, mipangilio ya zamani inarudishwa. Penye NetworkManager ni `nmcli connection modify` pamoja na `+ipv4.routes`, kisha `nmcli connection up`. Debian inayotumia `/etc/network/interfaces` inatosheka na mstari wa `up ip route add` chini ya kadi husika. Ukiandika kwenye faili la programu ambayo haisimamii kadi hiyo, hakuna kitakachotokea, na huenda usipate hata onyo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukisema umeweka njia tuli, nimeelewa kwamba umeiamua mwenyewe. Ukimaanisha kwamba itakuwepo baada ya seva kuwashwa upya, sema ni ya kudumu, na unitajie faili ulikoiandika.