Wateja wote na simu moja: 2,147,483,647

Mara ya kwanza kukutana na 2,147,483,647 nilidhani nimerogwa. Nilikuwa nimelitengenezea duka moja mfumo wa kutunza wateja. Siku ya pili nafungua jedwali, nakuta karibu kila mteja ana namba ileile ya simu: 2147483647. Kosa lilikuwa langu. Namba zetu zikianza na 255 huwa na tarakimu kumi na mbili, nami safu ile niliipa biti 32 tu, yaani nafasi 32 za kuandika 0 au 1. Biti moja hubeba alama ya chanya au hasi, zinabaki 31, na kubwa kuliko zote inayoenea humo ni 2³¹ toa 1. Hifadhidata haikulalamika. Kila kilichozidi ilikishusha hadi hapo, ikanyamaza.

Tangu siku hiyo namba hii sijaiacha. Kumbe ni namba tasa! Mwanahisabati Leonhard Euler alilithibitisha hilo mwaka 1772, bila mashine, naye wakati huo ni karibu kipofu.

Njia ya kawaida ni kuigawa kwa kila namba tasa mpaka ufike kipeuo chake cha pili, kama 46,340. Humo zimo namba tasa 4,792. Nani ana subira hiyo? Euler alizichuja kwanza. Tuseme ipo namba tasa q inayoigawa bila baki. Basi 2³¹ ukiigawa kwa q inabaki 1, na kwa kuwa 31 yenyewe ni tasa, q toa 1 lazima igawanyike kwa 31. Halafu 2³² itabakiza 2. Lakini 2³² ni mraba wa 2¹⁶, kwa hiyo 2 inabaki kutokana na mraba, na hilo hutokea tu ikiwa q, ukiigawa kwa 8, inabakiza 1 au 7. Unganisha masharti hayo mawili: q ukiigawa kwa 248 lazima ibakize 1 au 63.

Kutoka 4,792 tunabaki na zisizofika mia. Nilianza kwa mkono. Ya kwanza ni 311: mara 6,905,092 unapata 2,147,483,612, baki 35. Inayofuata 1,303: baki 226. Hapo nikaiachia kompyuta.

Ukiizidisha 2,147,483,647 kwa 2³⁰ unapata 2,305,843,008,139,952,128, ndugu wa 6 na 28: jumla ya namba zote ndogo zinazoigawa bila baki ni yenyewe.

Kompyuta nyingi za zamani huhesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 kwa biti hizohizo 32. Zitagota Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Sekunde inayofuata hesabu itageuka hasi, nazo zitadhani ni Desemba 1901.

Safu yangu niliigeuza kuwa ya maandishi. Kwani nani hujumlisha namba za simu? Wateja ilibidi tuwaombe upya, mmoja mmoja.