Akili unde haijaua tovuti, na dhana nyingine ninazozisikia kila wiki

Juzi mteja wa tatu ndani ya mwezi mmoja aliniuliza swali lile lile: "Fundi, nilipie tovuti ya nini, na siku hizi watu wanauliza akili unde (AI) tu?" Nilimjibu kwa upole. Nikiwa kwenye matatu kurudi nyumbani nikaamua kuyaandika, maana dhana hii inawapotezea watu wateja.

Wanaoishikilia hudhani akili unde ina ghala lake la maarifa lisilomtegemea mtu yeyote. Haina. Imefunzwa kwa maandishi ya watu, na sehemu kubwa ya maandishi hayo ni kurasa za wavuti. Ukiiuliza jambo la leo, programu nyingi za aina hii hutafuta kwenye wavuti papo hapo, hufungua kurasa chache, husoma, kisha hukufupishia. Isipokuta ukurasa wako itasoma wa jirani yako. Isipokuta wa yeyote, huenda ikabuni jibu na kulitoa kwa ujasiri ule ule.

Kuna mama mmoja ninayemhudumia, anauza mapazia Eastleigh, Nairobi. Nilimwambia, "Mama, hebu iulize simu yako duka lako liko wapi na hufunguliwa lini." Ikamtajia jengo alilohama kitambo, tena ikasema Jumapili yuko wazi. Anwani hiyo ilitoka kwenye orodha ya zamani ya biashara ambayo yeye hakujua hata kama ipo. Nikafungua tovuti yake kwenye kompyuta yangu na kuzima picha zote. Yakabaki maneno manne: Karibu. Bidhaa. Bei inboksi. Jina la jengo, saa, aina za vitambaa, yote yalikuwa ndani ya bango moja la rangi ya dhahabu alilotengenezewa na mpwa wake. Bango lenyewe zuri kweli, lakini ni picha. Zipo programu zinazosoma picha, ila roboti inayokusanya kurasa kwa mamilioni hushika maandishi kwanza, na hapa hapakuwa na cha kushika.

Dawa yake haikuwa ghali. Tuliandika mambo yote kwa maneno ya kawaida, kisha nikaongeza maelezo ya Schema.org, msamiati ambao Google, Bing na Yahoo waliuanzisha mwaka 2011 ili mashine zielewe ukurasa unazungumzia nini. Mstari wa saa za kazi unaonekana hivi: "openingHours": "Mo-Sa 08:30-18:00". Mteja haoni mstari huo, ila mashine inauona. Na kama unaandika "bei inboksi", nakuomba uache. Anayelinganisha bei kupitia akili unde hatakuja inboksi. Ataletewa duka lililoandika bei.

Nakubali jambo moja. Tangu Google ianze kuweka muhtasari wa akili unde juu ya matokeo, Marekani kwanza mwezi Mei 2024, wasomaji wengi hupata jibu wakaishia hapo hapo. Magazeti yanayoishi kwa matangazo yana haki ya kulia. Lakini wewe unauza mapazia. Mtu asipobofya ukurasa wako na bado akafika mlangoni, umepoteza nini?

Ila ili mashine isome maneno yako mwenyewe, nasisitiza kila siku: miliki kikoa chako, yaani jina la anwani ya tovuti yako. Kikoa cha .co.ke kiandikishwe kwa jina lako, si la fundi, hata akiwa mimi. Nimeshakaa na mteja aliyeambiwa alipe upya ili apewe jina la biashara yake mwenyewe, kwa sababu fundi aliyenitangulia alijiandikisha yeye kama mwenye kikoa. Ukurasa wa mtandao wa kijamii ni kibanda kwenye ardhi ya mtu. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ilifungwa kwa watu wa kawaida mwezi Aprili 2019, na kurasa za biashara zilizokuwamo zikaenda nayo.

Dhana ya pili: kizazi kijacho cha wavuti ni blokicheni, yaani daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. Wavuti huo huitwa Web3, jina lililotolewa na Gavin Wood, mmoja wa waanzilishi wa blokicheni ya Ethereum, mwaka 2014, na wauza sarafu za kidijitali wakalibeba. Miaka 13 kabla yake, Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, na wenzake walikuwa wameshaeleza wavuti ambao mashine zinaelewa maana ya data, na kile kinachotokea sasa kinafanana zaidi na hicho. Hata huduma nyingi za blokicheni unazifikia kupitia kivinjari na ukurasa wa kawaida. Anayekuuzia "kiwanja" cha kidijitali, mpite.

Ya tatu: wavuti mpya ni 5G. Hapana. 5G ni barabara, wavuti ni mojawapo ya magari yanayopita. Mabadiliko halisi ya gari lenyewe watu hawayaoni. HTTP/3, toleo jipya la kanuni ambazo kivinjari na tovuti huwasiliana kwazo, ilipitishwa rasmi Juni 2022, na inapita juu ya QUIC, itifaki (kanuni za kusafirisha data) inayotambua muunganisho kwa namba yake badala ya kutegemea anwani ya simu kwenye intaneti. Ukitoka ofisini Westlands ukapanda matatu, simu ikahama kutoka waifai kwenda bando, anwani inabadilika. Zamani muunganisho ulikatika ukaanza upya. QUIC imeundwa uendelee. Kwa mtu anayejaza fomu ndefu njiani, hilo ni kubwa kuliko neno lolote la matangazo.

Ya nne: lazima niwe na apu. Kwa duka la kawaida, si lazima. Tovuti iliyoundwa vizuri inawekwa kwenye skrini ya simu kama apu, na inaweza kuonyesha orodha ya bidhaa hata bando likiisha. Yule mama alikuwa ameshaanza kuweka akiba ya apu. Nilimwambia pesa hizo alipe kijana apige picha za vitambaa mchana penye mwanga, na chini ya kila picha aandike jina la kitambaa, upana wake na bei kwa mita.