Kinamasi kinaungua, tena kwa chini

Watu wengi tumekua tukiamini kwamba kinamasi hakiungui, na hata kikishika moto ukimwagia maji miali ikapotea basi kazi imeisha. Hapana jamani, sio hivyo.

Kule Kalimantan, Indonesia, kuna ardhi ya kinamasi wenyewe wanaiita gambut, ni mabaki ya mimea yaliyorundikana maelfu ya miaka, sehemu zingine inashuka mita kadhaa, yaani ni kuni zilizolowa. Ikilowa haiwaki kirahisi, hilo kweli. Shida ni kuikausha. Miaka ya 90 serikali ilichimba mifereji zaidi ya kilomita 4,000 ikitafuta mashamba ya mpunga, maji yakakimbia, mpunga wenyewe ukagoma, na kiangazi cha 1997 moto ukatambaa chini kwa chini wiki baada ya wiki, juu unaona majani mabichi kumbe chini kunafuka na mti unadondoka ghafla sababu mizizi imeshaungua. 2015 pia hali ilikuwa mbaya sana, moshi ulifika mpaka Singapore.

Ndo maana vikundi vya wanakijiji vinavyoitwa Masyarakat Peduli Api havisubiri miali, vinapiga doria kiangazi na kusaidia kuziba mifereji kwa magogo na viroba vya mchanga ili maji yapande. Kanuni ya serikali inataka maji yasishuke zaidi ya sentimita 40 chini ya ardhi. Na hapo lazima mkubaliane, maana mfereji mmoja unapita kwa watu wengi na wengine ndo njia yao ya mtumbwi, kwahiyo sehemu zingine wanaacha upenyo mtumbwi upite.