Kabati lenye kufuli mbili: tunavyojidanganya kuhusu teknolojia shuleni

Shuleni ninakofundisha, huku Eastlands jijini Nairobi, kuna kabati la chuma lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja hukaa kwa mwalimu mkuu, wa pili kwa mwalimu anayesimamia kompyuta. Mwaka juzi msimamizi huyo alihamishwa katikati ya muhula, akaondoka na ufunguo mfukoni bila kukumbuka. Vishikwambi vilivyofungiwa humo vikalala wiki tatu. Kilichonishtua si ufunguo. Katika wiki hizo zote hakuna mwalimu hata mmoja aliyeviulizia, nami nikiwemo.

Tangu hapo, kila nikikaa kwenye kikao cha kupanga matumizi ya teknolojia, masikio yangu yako macho. Mengi tunayosema humo tunayaamini tu, bila ushahidi. Haya hapa baadhi yake.

"Tupate vifaa kwanza, mengine yatajipanga"

Hii ndiyo dhana iliyozaa nyingine zote, na Wakenya tumeilipia. Serikali ya Jubilee iliingia madarakani 2013 na ahadi ya kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Utekelezaji ulipoanza 2016, kipakatalishi kilikuwa kimegeuka kishikwambi, na kazi ya kuvileta ilikuwa mikononi mwa Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, pamoja na washirika wao. Zaidi ya vifaa milioni 1 vilifikishwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Tusiidharau kazi hiyo. Kuna shule zilizopata stima kwa mara ya kwanza kwa sababu yake. Lakini idadi tuliyokuwa tukitangaziwa ni ya vifaa vilivyofika. Idadi ya vipindi vilivyofundishwa navyo sikumbuki kuisikia.

Peru walitutangulia. Waligawa kompyuta ndogo za mradi wa One Laptop per Child, na watafiti wakafuatilia shule za msingi 319 za vijijini. Baada ya miezi kama 15, watoto walikuwa na kompyuta tele, lakini alama za hisabati na lugha zilikuwa palepale.

Ukweli ni kwamba kifaa ni mstari mmoja tu katika mpango, tena ndio mwepesi kuandika. Mistari migumu ni hii: nani atavichaji, wapi, betri ikifa pesa zinatoka kifungu gani, na ni kipindi kipi cha Jumanne kitakachofundishwa tofauti kwa sababu kifaa kipo. Chumba chetu cha walimu kina soketi nne, na moja ni ya birika la chai. Jaribu kulichomoa saa nne asubuhi uone.

"Kila mtoto awe na chake"

Hapa jibu liko hapa hapa nchini. Huko Kisumu ulifanyika utafiti wa kusoma kwa watoto wa madarasa ya chini. Kundi moja vishikwambi walipewa maafisa wanaozunguka kuwasaidia walimu, kundi la pili walipewa walimu wenyewe, na la tatu wanafunzi walipewa vifaa vya kusomea vitabu. Pamoja na teknolojia hiyo, makundi yote yalipata vitabu na mafunzo ya walimu. Watoto waliimarika, lakini kundi lenye kifaa mkononi mwa kila mtoto halikuwaacha wenzake nyuma, ingawa ndilo lililogharimu zaidi. Ukipima matokeo kwa kila shilingi, vitabu na mafunzo bila teknolojia yoyote vilishinda.

Mpango wa kufundisha kusoma uitwao Tusome, ulioanza 2015 na kuenea nchi nzima, ulifuata njia ya kundi la kwanza. Mtoto alipewa kitabu chake, na kishikwambi kikaenda kwa afisa wa mtaala. Nilimwona mmoja kazini. Aliketi kwenye dawati la nyuma, magoti yamemfika kidevuni, akawa anagusa kioo kila mwalimu alipomaliza hatua ya somo. Kisha aliwaita watoto watatu mmoja mmoja wamsomee, kishikwambi kikihesabu maneno kwa dakika. Kengele ilipolia alikaa na mwalimu chini ya mwembe, akamwonyesha kwamba watoto wawili kati ya watatu wanakwama kwenye silabi zilezile. Kifaa kilijua pia afisa alikuwa wapi, na nauli yake ilirudishwa kulingana na shule alizofika kweli. Huo sasa ndio mpango: mtu alijua anataka kubadilisha nini, ndipo akatafuta kifaa.

"Bila intaneti hakuna kitu"

Kati ya 1980 na 1985 kulikuwa na mradi hapa Kenya uliofundisha Kiingereza watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu kwa redio. Redio inauliza, inanyamaza sekunde chache, darasa zima linajibu kwa sauti, redio inaendelea. Haikuhitaji hata waya wa simu. Shule zilipofungwa Machi 2020, redio hiyohiyo ndiyo iliyowafikia watoto wengi ambao bando lilikuwa hadithi tu kwao, huku kampuni ya elimu ya Eneza ikituma masomo na maswali kwa ujumbe mfupi hadi kwenye mulika mwizi. Nayo kampuni ya BRCK ya hapa Nairobi ilitoa mwaka 2015 Kio Kit, sanduku gumu lenye vishikwambi 40 vinavyochajiwa humohumo, pamoja na masomo ambayo tayari yamehifadhiwa ndani.

Mimi natumia memori kadi na projekta moja. Video ya moyo ukisukuma damu naishusha nyumbani usiku, asubuhi naionyesha Gredi ya 6. Kikwazo changu kikubwa ni jua: dirisha letu halina pazia, na picha ya projekta mchana kweupe haionekani. Leso mbili za mama mpishi zilimaliza tatizo hilo.

"Watoto wa siku hizi wamezaliwa wakijua"

Wanajua kutelezesha kidole. Mwambie mmoja ahifadhi faili halafu alitafute kesho, au akuambie habari aliyosoma imeandikwa na nani, utaona anavyokukodolea macho. Haya hufundishwa, na lazima yatengewe saa kwenye ratiba.

"Mashine itachukua kazi ya mwalimu"

Mwaka jana kijana mmoja aliniletea insha aliyoandikiwa na akili mnemba kuhusu likizo kwa nyanya yake. Nyanya alikuwa ameketi kando ya moto, theluji ikidondoka nje. Nikamuuliza, "Nyanya yako anaishi wapi?" Akanijibu, "Matuu, mwalimu." Matuu ni mji wa joto huko Machakos. Darasa lilicheka mpaka mwenyewe akacheka. Sikumwadhibu, tuliisoma insha nzima pamoja tukitafuta kila kitu ambacho hakiwezi kutokea Matuu, na sijawahi kupata kipindi kizuri cha ufahamu kama hicho.

Lakini wanaosema mashine haifundishi kitu nao wanakosea. Huko Delhi, programu iitwayo Mindspark ilijaribiwa kwa wanafunzi ambao wengi wao walikuwa nyuma ya darasa lao kwa miaka kadhaa. Programu ilimpa kila mmoja maswali ya kiwango alichofika, si ya gredi aliyoandikishwa. Kwa miezi minne na nusu tu walipanda sana katika hisabati na Kihindi. Lakini tazama ratiba yao: dakika 45 na programu, dakika 45 katika kikundi kidogo na msaidizi. Mashine ilifanya jambo ambalo mimi na watoto wangu 74 siliwezi, yaani kujua kila mmoja amekwama wapi leo. Ukiniuliza shule inunue nini, nitakuambia inunue hicho. Na iniachie hizo dakika 45 nyingine.

"Kutuma kazi kwa WhatsApp hakumgharimu mtu"

Kunamgharimu mama. Nilikuwa saiba ya karibu na steji saa mbili na nusu usiku, nikakutana na mzazi wa Gredi ya 3 kwenye foleni, bado amevaa aproni ya kibandani kwake. Alinionyesha simu. "Mwalimu, hii picha ya kobe lazima iwe ya rangi?" Kuchapisha ukurasa mweusi kulikuwa shilingi 10, wa rangi 30, na alikuwa na watoto watatu. Nikamwambia kobe anaweza kuchorwa kwa penseli, mama, nenda ukalale. Kazi ile haikuwa yangu, ila kesho yake niliisema kwenye chumba cha walimu, na si wote waliofurahi.

Tunapoandika bajeti ya teknolojia tunahesabu pesa za shule peke yake. Bando la mzazi na karatasi za saiba nazo ni bajeti, ila hatuzioni kwa kuwa hazipiti kwa mhasibu wetu.

"Picha za watoto ni za kutangaza shule tu"

Kifupi: Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi. Mwaka 2023 shule moja ya hapa Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini hiyo. Majina na alama mnazojaza kwenye programu za bure yanalindwa na sheria hiyohiyo.

Muhula uliopita tuliandika mpango wetu upya. Orodha ya ununuzi ilisukumwa hadi ukurasa wa nne. Ukurasa wa kwanza ni ratiba: vipindi sita kwa wiki, jina la mwalimu, na mada ambayo ubao umeshindwa kuieleza. Birika lilihamishiwa jikoni baada ya mjadala mrefu kuliko ule wa intaneti. Na Jumatano moja nilitumwa kwa fundi wa funguo kando ya steji nikachonge nakala mbili. Alinitoza shilingi 150 kwa kila moja, akaniuliza kabati hilo linaficha nini.