Laptopu Yako Haihitaji Mchele

Mwalimu mmoja aliniletea laptopu yake ndani ya ndoo. Juu mfuniko, ndani mchele, kilo tatu hivi, na katikati ya mchele mashine imefukiwa kama muhogo. Chai ya maziwa ilikuwa imemwagika juu ya kibodi Ijumaa jioni, na watu wenye nia njema wakamwelekeza aifukie siku tatu asiiguse. Jumatatu nilipoifungua nilikuta punje mbili zimenasa kwenye tundu la USB, na mazabodi, ile bodi kuu ya saketi, imeota kutu ya kijani pale chaja inapoingia.

Mchele hunyonya unyevu wa hewani, tena polepole. Tone lililojificha chini ya chipu halifikii. Na maji yenyewe si adui mkubwa kuliko wote. Kinachoua ni umeme kupita kwenye bodi iliyolowa, kisha sukari, maziwa au chumvi vinavyobaki maji yakishakauka, vikaendelea kula shaba kimyakimya. Siku tatu ndani ya ndoo ni siku tatu za kutu. Mwaka 2024 Apple iliwakanya wenye iPhone wasizike simu zao kwenye mchele, kwa kuwa chembechembe zake zinaweza kuiharibu simu. Laptopu ina matundu mengi na makubwa zaidi.

Kinachosaidia hufanyika dakika ya kwanza. Chomoa chaja. Bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie mpaka izime. Habari ya kuhifadhi kazi uliyokuwa unaandika iache. Kama betri yake hutolewa kwa nje, itoe. Ifungue, igeuze isimame kama paa la nyumba, kibodi ikitazama chini, yatoke yanayotoka. Halafu ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo, aifungue, achomoe betri ya ndani na kuosha bodi kwa alkoholi ya isopropili. Usiiwashe "kuona tu kama inawaka". Nyingi hufia hapo. Na draya ya nywele iache saluni, maana upepo wake husukuma maji yaingie ndani zaidi.

Ya mwalimu ilipona nusu: kibodi ilibadilishwa, na tundu moja la USB halikurudi mpaka leo.

Miaka niliyokaa kwenye meza hii ya ufundi imenionyesha kuwa ushauri mbovu kuhusu kompyuta mpakato mara nyingi si uzushi mtupu. Ulikuwa kweli kwa mashine nyingine, zamani. Mashine ikafa, ushauri ukabaki hai.

"Usichaji mpaka iishe kabisa"

Huu ni mfano mzuri wa ushauri ulioizika mashine yake. Betri za zamani za nikeli na kadimiamu zilikuwa na tabia ya "kukumbuka": ukizichaji zikiwa nusu kila siku, zilianza kujiona zimeisha zikifika pale pale kwenye nusu. Zilipaswa kumalizwa. Lakini tangu Sony ilipoanza kuuza betri za lithiamu mwaka 1991, betri za nikeli zilianza kuondoka kwenye laptopu, na leo hutazikuta. Lithiamu haina kumbukumbu hiyo. Kuimaliza hadi sifuri kila siku ndiko kunakoichosha, na ukiiweka kabatini ikiwa tupu kwa miezi kadhaa, voltu hushuka mno hadi saketi ya ulinzi ikakataa kuichaji tena. Ukisafiri bila laptopu, iache ikiwa kwenye asilimia 50 hivi.

Umri wa betri huhesabiwa kwa mizunguko. Mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100: ukitumia 50 leo na 50 kesho, umemaliza mmoja, hata kama ulichomeka chaja mara nne. Betri nyingi huanza kuchoka baada ya mizunguko 300 hadi 500. MacBook za sasa Apple huzihesabia 1,000.

Usikubali kuambiwa "betri bado nzima" kwa mdomo. Kwenye Windows fungua lile dirisha jeusi la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea ripoti inayofunguka kama ukurasa wa intaneti. Ndani yake utaona uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa ilianza na mWh 50,000 (kipimo cha umeme unaobebwa na betri) na leo inafika 21,000, umebaki na asilimia 42, na mwenye duka apunguze bei.

"Kuiacha kwenye chaja kunaunguza betri"

Nusu kweli. Betri ikijaa, saketi hukata chaji na mashine hula umeme wa ukutani moja kwa moja. Haijazwi mpaka ipasuke. Ila kukaa muda wote kwenye asilimia 100, tena kwenye joto, huizeesha mapema. Joto ndilo baya zaidi, na Dar mwezi wa Januari hatuna uhaba wake. Kama laptopu yako haitoki mezani, tafuta kwenye programu ya mtengenezaji au kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine, kabla Windows haijawaka) mpangilio wa kuisimamisha chaji kwenye 80 au 60. Lenovo, HP, Dell na Asus wanao kwenye mashine zao nyingi.

Wapo wanaotoa betri kabisa "wasiichoshe" na kutumia umeme mtupu. Kwetu, ambako umeme hukatika bila hodi, hiyo ni kutupa zawadi. Betri ya laptopu ndiyo inayokupa nafasi ya kuhifadhi kazi taa zikizimika. Kinachostahili kuchomolewa umeme ukikatika ni chaja, kwa sababu umeme ukirudi huja kwa kishindo. Kama una friji gadi, chomeka humo.

"Chaja yenye ampia kubwa italipua mashine"

Hapana. Voltu husukumwa, ampia huvutwa. Laptopu inayoandikwa 19V na 3.42A, yaani wati 65, haidhuriki na chaja ya 19V na 4.74A ya wati 90; itachukua kiasi chake tu. Kinyume chake ndicho kibaya: chaja dogo linalolazimishwa kubeba mzigo mkubwa huchemka hadi plastiki inanuka. Voltu zifanane, kichwa kiingie sawa, na chanya na hasi zisibadilishane. Dell nyingi zina pini nyembamba katikati ya kichwa cha chaja inayoitambulisha. Pini hiyo ikikatika mashine itawaka lakini haitachaji, na wengi hununua betri mpya bure.

"Ni kompyuta mpakato, si ya kupakata?"

Jina limetuponza. Kupakata ni kuweka mapajani, kama mtoto, na watu wamelitii jina: mapajani, kitandani, juu ya mto. Laptopu nyingi huvuta hewa kwa tumbo. Ukiilaza kwenye godoro umeiziba pua. Prosesa, ubongo wa mashine, ikikaribia nyuzi joto 100 hujipunguzia kasi yenyewe isiungue, nawe unasema "imekuwa nzito, ina virusi". Sinia lililogeuzwa au kitabu chenye jalada gumu chini yake hutosha. Si lazima ununue stendi yenye taa za bluu.

Na ile hofu ya mionzi? Mawimbi ya Wi-Fi hayana nguvu ya kuvunja seli kama eksirei. Kinachofika kwenye mwili wako ni joto. Ngozi ya mapaja inayopikwa polepole kwa miezi hutoka mabaka ya kahawia mithili ya wavu, yale yale madaktari waliyoyaona zamani kwa watu wanaoota moto karibu na jiko kila siku.

Vumbi nalo. Kati ya feni na mapezi ya kupoozea hujijenga kiblanketi cha vumbi na nyuzi za nguo. Kila mwaka ifunguliwe, ipulizwe, na pasta ya joto juu ya prosesa ibadilishwe ikiwa imekauka. Ukimwona fundi anaipuliza kwa bloa huku feni inazunguka kama pangaboi, mwambie aizuie kwa kijiti cha meno. Kuizungusha hivyo kunaua beringi zake.

"Irefreshi kwanza"

Bofya kulia, refreshi. Bofya kulia, refreshi. Mara kumi, kwa mkono wa haraka, kama anayepuliza mkaa. Nimewaona hadi walimu wa kompyuta. Kinachofanyika hapo ni Windows kuchora upya vialama vya kwenye skrini, basi. Haisafishi RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, wala haiongezi kasi hata chembe.

Kinachosaidia kweli ni ristati, na hapa kuna jambo wengi hawalijui. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukizima laptopu kwa njia ya kawaida, mara nyingi haizimi yote. Huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili kesho iwake haraka. Kwa hiyo mtu anayezima kila usiku anaweza kubeba tatizo lile lile wiki nzima. Ristati ndiyo huanza upya kabisa.

"Ipigwe windo" na "Iongezwe RAM"

Kupiga windo, yaani kuweka Windows upya, ni dawa ya mseto ya mafundi wetu. Wakati mwingine inaponya. Lakini kama diski yenyewe inakufa, utapiga leo na mwezi ujao utarudi, na safari hii na picha za harusi zimekwenda. Diski ikaguliwe kwanza.

RAM husaidia ikiwa ilikuwa haba. Gigabaiti 4 leo ni shida. Ila laptopu nyingi za mtumba zinazotambaa zina gigabaiti 8 na bado zinatambaa, kwa kuwa ndani kuna hadidiski ya sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachosafiri huku na huku kutafuta kila kijifaili. SSD, diski ya chipu tupu, haina kinachosafiri. Kwa mashine ya umri wa miaka saba au minane, hakuna pesa inayorudi haraka kama ya kuhamia SSD. Hadidiski ya sahani ina kasoro nyingine: ukiinyanyua mashine inafanya kazi na kuizungusha chumba hadi chumba, kichwa kinaweza kugonga sahani.

"Core i7 ni Core i7"

Hapa ndipo Kariakoo inawala watu, na Luthuli Avenue, mtaa wa vifaa vya umeme kule Nairobi, nayo vilevile. Kibandiko cha prosesa ya Intel kinasema i7, mteja anatoa pesa. Soma namba inayofuata. i7-4600U ni kizazi cha nne, cha mwaka 2013, na ina koa (viini vya kufanyia kazi) mbili tu. i5-8250U ni kizazi cha nane, cha 2017, ina koa nne. Hiyo i5 inaiacha mbali hiyo i7, na hula umeme kwa adabu.

Kizazi kina uzito zaidi sasa, kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa upande wa Intel, rasmi hukubali kuanzia kizazi cha nane, ukiondoa chache mno, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Ya chini ya hapo inaweza kulazimishwa, na wauzaji wanailazimisha, lakini Microsoft haiahidi kuiletea masasisho. Uliza kabla hujahesabu noti. Kama unataka tu kuandika na kuingia mtandaoni, Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, itaichukua mashine hiyo bila kinyongo.

"Flashi imekula kazi zangu"

Umetoka steshenari kuchapa ripoti, umerudi nyumbani, flashi imejaa shotikati na mafaili hayapo. Watu hulia, kisha huformati. Subiri. Kirusi hicho kwa kawaida hakifuti. Huficha mafaili na kukuwekea shotikati ili ukibofya kijisambaze. Usibofye. Piga skani kwanza, halafu kwenye dirisha la amri andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.*, ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako, na mafaili yatajitokeza.

Kuformati nako kuna hadithi yake. Formati ya haraka hufuta orodha tu, kama kuchana yaliyomo ya kitabu na kuacha kurasa. Ukiuza laptopu yenye hadidiski kwa hali hiyo, mnunuzi mwenye programu ya kurejesha anaweza kukaa na vyeti vyako na picha za watoto. Unaporudisha Windows mwanzo, chagua kufuta kila kitu na pia kusafisha diski. Huchukua saa kadhaa. Iache ifanye usiku kucha.

Madogo madogo: skrini haifutwi kwa dawa ya vioo, hutoa utando wake; tumia kitambaa laini chenye unyevu kidogo, na maji yawekwe kwenye kitambaa, si kwenye kioo. Usifunue kifuniko kwa kona moja, bawaba hukatika. Na kabla ya kufunga, tazama kibodi: vioo vingi ninavyobadilisha vilivunjwa na kalamu au spika za masikioni zilizosahauliwa hapo.

"Betri imevimba, itoboe itoe upepo"

Upepo ule ni gesi inayowaka. Dalili ni padi ya kugusa kunyanyuka au laptopu kuyumba mezani kama ina kigoti. Izime, usiichaji, usiikandamize, iletwe itolewe. Zinazosubiri kuchukuliwa naziweka nje ya mlango kwenye mchanga. Ziko tatu sasa, kwenye ile ndoo ya mwalimu. Mchele aliondoka nao kwenye kikapu, ndoo akasema ataifuata.