Twinki, dubu, joki: dhana potofu kuhusu miili ya wanaume gei

Ukifungua apu yoyote ya kutafutana ya wanaume gei, mara nyingi kabla hujaulizwa jina unaulizwa mwili wako ukoje. Kijana mwembamba asiye na nywele mwilini anaitwa twinki, mnene mwenye ndevu na kifua cha manyoya anaitwa dubu, mwembamba mwenye manyoya ni ota, aliyejaa misuli ya jim ni joki. Majina haya yenyewe sina ugomvi nayo, wengi tunayatumia kwa raha tu. Ninachokipinga ni yale mengine yote watu wanayobandika juu yake, maana yanaumiza watu kweli.

Kubwa kuliko zote ni hii: twinki lazima awe botomu, yaani anayepokea kitandani, na dubu lazima awe topu, yaani anayeingiza. Watu wanaiamini hii kabisa, yaani mtu anaangalia picha moja, anaona mabega membamba na sura laini, keshaamua huyu ndio atakayepokea, tena akiambiwa sivyo anakasirika kama vile amedanganywa. Hakuna uhusiano hapo. Unene, urefu na ndevu havisemi chochote kuhusu mtu anachopenda kitandani, kuna madubu wakubwa ambao ni mabotomu siku zote na hawaoni aibu, kuna twinki ambao ni matopu, wengi wanabadilishana kutegemea wako na nani, na wengine hawafanyi ngono ya kuingiliana kabisa na bado mapenzi yao yamekamilika. Ubaya wa dhana hii sio kukosea kubashiri tu. Kijana mwembamba anajikuta anasukumwa afanye kitu hakukitaka kwa sababu mwenzake ameona mwili wake umeshamjibia, na mwili haujibii mtu, ridhaa inaombwa kwa mdomo. Na yule mkubwa naye anaambiwa hawezi kukataa wala kuogopa kwa kuwa ana nguvu, jambo ambalo ni uongo mtupu.

Inayofanana na hiyo: mwenye manyoya mengi ana homoni nyingi za kiume kwahiyo ni mwanaume zaidi. Hapana. Nywele za mwili zinategemea sana vinasaba, yaani jinsi vinyweleo vyako vinavyoitikia homoni. Wanaume wawili wanaweza kuwa na kiwango kilekile cha testosteroni, mmoja kifua kimefunikwa na mwingine ni mlaini kama kiganja, na wote wako sawa kiafya. Wazo kwamba umbo linatabiri tabia ni la zamani, miaka ya 1940 William Sheldon kule Marekani aligawa watu kwenye maumbo matatu akasema kila umbo lina tabia yake, na sayansi ilishaliacha hilo zamani.

Wengine wanasema lebo hizi zimeletwa na intaneti. Grindr, apu ya kutafutana ya magei, ilianza 2009, sasa linganisha. Klabu ya Girth & Mirth ya magei wanene na wanaowapenda ilianzishwa San Francisco 1976, mwaka 1979 gazeti la magei la Marekani, The Advocate, likachapa makala ya George Mazzei iliyogawa magei kwa majina ya wanyama, dubu akiwemo, 1987 likatoka jarida la Bear hukohuko San Francisco, na 1995 Craig Byrnes akabuni bendera ya madubu yenye unyayo wa mnyama. Sasa jiulize kwanini wakati ule. Picha iliyotawala ilikuwa ya kijana mwenye mwili wa kuchongwa, na mwanaume wa kitambi na mvi alikuwa haonekani, akiingia baa anapitwa kama kiti, kwahiyo watu wakajitafutia pao. Alafu ukaja ukimwi, wagonjwa wa kwanza walitangazwa Marekani Juni 1981, na watu wakashuhudia marafiki zao wakikonda hadi mifupa. Katika huzuni ile mwili mkubwa ukaanza kuonekana kama dalili ya uzima. Mimi hapo nawaelewa kabisa.

Lakini ndio ikazaa dhana ambayo mpaka leo inaendelea kuleta maambukizi, kwamba mnene au mwenye misuli "yuko safi" na mwembamba ndio wa kumwogopa. VVU havionekani kwa macho. Mtu anaweza kuishi navyo miaka mingi bila dalili yoyote, na aliye kwenye dawa ambaye virusi vyake havionekani tena kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono, awe mwembamba awe mnene. Ni kupima tu, hamna njia ya mkato.

Kuhusu chakula na jim, watu wanadhani matatizo ya ulaji ni ya wasichana. Tafiti zimeonyesha mara kwa mara kwamba wanaume gei wako kwenye hatari kubwa kuliko wanaume wengine, na inaeleweka, ukiambiwa kila siku thamani yako ni tumbo lililochorwa utajinyima, utajitapisha, au utajiona mdogo hata misuli ikiwa imejaa. Wapo wanaokimbilia steroidi, dawa za kukuza misuli, ambazo zinasinyaza korodani, zinapunguza mbegu, zinapandisha presha na kuuharibu moyo, na joki unayemwonea wivu huenda ndiye anayelala na njaa. Kama ni wewe, nenda kaongee na daktari au mshauri, usisubiri mpaka uanguke.

"Ni ladha yangu tu" nayo tuiangalie. Kupenda umbo fulani ni haki yako, lakini kuandika kwenye profaili hutaki wanene, hutaki wenye madaha ya kike, hutaki rangi fulani, hayo ni matusi kwa kila anayepita kusoma. Mwanaume mweusi anachukuliwa kwamba lazima awe mkali na mwenye maumbile makubwa, mwenye asili ya Asia lazima awe mnyenyekevu, hakuna anayewauliza wenyewe. Mwaka 2020 Grindr walitangaza kuondoa kichujio cha kuchagua watu kwa asili yao, baada ya malalamiko ya miaka.

Na ile ya kwamba twinki akifika miaka thelathini amekwisha, hiyo ni katili na wala haina ukweli. Mwili unabadilika, unaongezeka, unaota nywele pasipokuwa nazo, wengi waliokuwa matwinki leo ni madubu na wanapendwa vilevile, na wapo ambao hawajawahi kuingia kwenye lebo hata moja na wana wapenzi wao wa miaka mingi.